Barua ya Nyumbani Iseme Madebe Mangapi Yamebaki

Wengi wetu tuliofundishwa kuandika barua shuleni tulikaririshwa mwanzo uleule: "Ni matumaini yangu kuwa u mzima wa afya. Mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu." Ukifika hapo, nusu ya ukurasa imekwisha, na mtoto aliyeko Dar es Salaam au Mwanza bado hajajua lolote kuhusu nyumba iliyomlea. Salamu ni haki ya anayeandikiwa, sisemi zifutwe. Mbukwenyi, salamu yetu Wagogo, ina urefu wake, mpaka mifugo huulizwa hali. Lakini ndani ya barua salamu zikae mistari miwili au mitatu, kisha ianze nyumba yenyewe.

Waraka ni nusu ya kuonana. Anayekuja kwa miguu hujionea mwenyewe: anachungulia ghala, anatazama paa, anaona mama amekonda. Aliye mbali macho yake ni barua, na barua huona kwa vipimo. "Chakula kipo" haimsaidii mtu. "Mtama umebaki madebe 11" inamsaidia, kwa sababu anaweza kukaa chini akapiga hesabu na kujua mwezi gani mama yake atalala njaa. Hili ndilo nililolishika kuliko yote katika barua za nyumbani, na ndilo ninalowaomba kina mama wenzangu wa Dodoma, Singida na Manyara walishike, pamoja na wajukuu wanaotuandikia.

Anza na nafaka. Mvua kwetu ni msimu mmoja: huingia mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukoma Aprili, na kinachovunwa hadi Juni ndicho kitakacholiwa mpaka mavuno mengine. Kipimo kiwe debe la lita 20, na salio dogo lipimwe kwa sado la lita 4. Sado 5 hujaza debe moja. Usiandike "magunia matatu" peke yake, maana gunia la lumbesa, lililorundikwa kupita mdomo, na gunia lililoshonwa sawasawa havilingani hata kidogo. Mtama, uwele na mahindi kila kimoja kiwe na mstari wake, kwa kuwa havidumu sawa na haviliwi kwa kasi moja.

Hesabu ya ulaji ni rahisi kuikumbuka. Nyumba ya watu 4 wanaokula ugali mchana na usiku humaliza debe moja kwa siku 10 hivi. Hiyo ni madebe 3 kwa mwezi na 36 kwa mwaka, yaani magunia 6 ya madebe sita sita. Ongeza madebe 4 ya wageni, misiba na mbegu. Mtama wa pombe ya sherehe uhesabiwe mbali kabisa, kwa sababu ukichanganywa na wa ugali unaondoka bila mtu kuona.

Barua ya Juni au Julai ndiyo inayoamua mwaka. Mama aseme: tumevuna madebe 22, tunahitaji 40, pungufu 18. Watoto wakituma hela wakati huo, nafaka bado ni rahisi pale soko la Kibaigwa na kwenye minada yetu. Wengi hutuma Krismasi, kwa mapenzi yaleyale na pengine kwa fedha nyingi zaidi, lakini Januari na Februari kila mtu ananunua na shamba bado ni bichi. Hela ileile hurudi na debe chache. Lawama hapo si ya mtoto ikiwa Julai aliandikiwa "tunamshukuru Mungu, tumevuna."

Idadi peke yake haitoshi. Barua iseme pia nafaka imehifadhiwaje, kwa kuwa madebe 30 yenye wadudu yanaweza kupungua sana kabla ya Desemba. Kwanza ukavu. Punje kavu ukiiuma hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea. Mwenye meno machache afanye kipimo cha chumvi. Chukua chupa ya kioo kavu yenye kifuniko, tia chumvi kijiko kikubwa, jaza nafaka mpaka theluthi ya chupa, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka ina unyevu, irudi juani. Kipimo hiki huwadanganya watu kwa sababu moja: chumvi ya jikoni yenyewe huwa na maji. Ianike kwanza mpaka ichuruzike kama mchanga.

Pili, chombo. Vilindo vya gome la mti vilihifadhi uwele wa wazee vizuri, kwa kuwa punje ndogo wadudu hawaipendi sana. Mahindi yana adui wake, dumuzi tunayemwita Skania, aliyeonekana kwanza Tabora kabla ya kuenea nchi nzima. Huyo hupenya gunia la kawaida na kuacha unga mtupu. Kinachomweza ni ule mfuko wa tabaka tatu, nailoni mbili ndani na sandarusi nje. Jaza nailoni ya ndani, ikandamize hewa yote itoke, sokota shingo, ikunje na uifunge kwa kamba ya mpira. Fanya hivyo kwa ya pili, kisha kwa mfuko wa nje. Wadudu waliomo hukosa hewa na kufa, huna haja ya dawa. Kinachoharibu ni kuufungua fungua. Kila ukifungua unaingiza hewa, na wadudu ambao hawajafa wanapata nguvu tena. Kwa hiyo toa debe moja au mawili kwa mkupuo, weka kwenye ndoo yenye kifuniko, mfuko urudi kufungwa kama mwanzo. Uweke juu ya fito, mbali na ukuta, usiuburute sakafuni, na kabla ya kuujaza uone kama hakuna kijiti kitakachotoboa nailoni. Tundu la panya likipatikana, hamisha nafaka siku hiyohiyo.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inahitaji mstari wake kwenye barua, hasa kwa mahindi na karanga. Mwaka 2016 iliua watu hapa mkoani Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yao wenyewe ya nyumbani. Haionekani ikishaingia kwenye unga, na kupika hakuiondoi. Kinga ni kazi ya mikono: anika juu ya turubai au mkeka badala ya udongo, funika usiku, chambua punje zenye ukungu, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Zilizochambuliwa zisipewe kuku wala zisipelekwe kwenye pombe. Kuna tabia ya kulowesha karanga ili zimenyeke upesi. Iachwe kabisa. Unyevu ule ndio unaokaribisha ukungu, na karanga zinazotumwa mjini kwa wajukuu zikifungwa hivyo kwenye nailoni, njiani zinachemka.

Kuhusu unga, kwa binti anayetumiwa uwele mjini: asisage debe zima. Uwele una mafuta mengi, na ukishasagwa yanaanza kuharibika. Baada ya siku kadhaa unga unanuka na ugali unakuwa mchungu. Asage wa wiki moja, punje zibaki punje. Nafaka ikifika salama na ugali ukawa mchungu, kosa ni hilo.

Mlenda nao una mahali pake katika barua, maana hakuna kifurushi kinachotoka Dodoma bila mlenda. Huchumwa Januari hadi Machi, unapojiotea mashambani. Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yachujwe maji, yatandazwe membamba juu ya kitambaa safi kivulini penye upepo. Jua kali hukausha upesi, lakini linaunguza rangi pamoja na vitamini A ambayo macho yetu yanaihitaji. Siku 2 au 3 zinatosha. Jani likivunjika vipande mkononi, limekauka. Twanga, chekecha, weka kwenye kopo linaloziba. Kwa sufuria ya watu 4: maji vikombe 2 yachemke, magadi kiasi cha ncha ya kijiko, karanga zilizotwangwa vijiko vikubwa 4, nyanya 1 ukipenda, kisha mlenda vijiko vikubwa 3, ukiunyunyiza kwa mkono mmoja huku mwingine unakoroga. Ukimwaga wote kwa mara moja unafanya madonge yasiyoachana tena. Usifunike, utafurika motoni. Mwenye presha apunguze magadi au ayaache, kwa kuwa mwili huyapokea kama unavyopokea chumvi.

Maji yaandikwe kwa madumu ya lita 20 kwa siku, na nani anayeyabeba. Hilo la pili ndilo linalosahaulika. Madumu 6 yanayobebwa na kijana na madumu 6 yanayobebwa na mama wa miaka 70 ni habari mbili tofauti. Watoto wakitaka kununua simtanki, wapewe vipimo vya paa kwanza. Urefu mara upana wa nyumba kwa mita, zidisha kwa milimita za mvua, unapata lita. Paa la mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 20 hulimwagia lita 960, na baada ya kinachopotea unabaki na kama 800. Tanki la lita 2,000 hujaa kwa mvua tatu nzuri. Mfereji wa paa uteremke sentimita 1 kwa kila mita, vinginevyo maji yanasimama na kuzaa mbu. Mvua ya kwanza iachwe ipite, inaosha vumbi la miezi saba na vinyesi vya ndege.

Paa likaguliwe Septemba, kabla ya mafundi kuzidiwa na kazi. Upepo wa Dodoma wa Juni mpaka Septemba hulegeza misumari, bati linapigapiga, tundu linapanuka. "Paa linavuja" haimwezeshi mtu kununua chochote. Barua iseme chumba gani, mabati mangapi, urefu wake, geji 28 au 30 (30 ni jembamba zaidi), na misumari kiasi gani. Wenye tembe, nyumba ya paa la udongo, wana kazi nyingine: kung'oa nyasi zilizoota juu, kwa kuwa mizizi yake hufungua njia ya maji, na kuziba nyufa kwa udongo wa kichuguu. Nguzo zigongwe kwa fimbo. Inayolia uwazi imeliwa na mchwa ndani, hata kama nje inaonekana nzima.

Kuku wapate mstari mmoja: wako wangapi na chanjo ya mwisho ya kideri ilikuwa lini. Chanjo inayotengenezwa Kibaha, TEMEVAC, ni tone moja jichoni kwa kila kuku, kifaranga na jogoo sawa, ikirudiwa kila miezi 3. Huchanjwa wazima tu. Aliyekwisha kuugua hasaidiki. Chupa moja inatosha kuku wengi, hivyo majirani wachange na kuchanja siku moja.

Sasa afya, ambayo ndiyo tunayoificha zaidi. Mama wa Kigogo hataki kumtia mtoto hofu, anaandika "vimaumivu vya uzee tu." Namwelewa kabisa. Hata hivyo hofu ya mtoto asiyejua ni kubwa kuliko ya anayejua, na siku akija kuambiwa na jirani anaumia mara mbili. Andika presha kwa namba zote mbili, ya juu na ya chini, na tarehe iliyopimwa. Kuanzia 140 kwa 90 ni ya juu. Namba hizo ziwe za kipimo kilichofanywa vizuri: umekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu imegusa sakafu, mkono uko usawa wa moyo, hujanywa kahawa wala kuvuta tumbaku nusu saa iliyopita, na umetoka haja ndogo. Mtu aliyefika zahanati kwa miguu kilomita 4 akapimwa mlangoni atapewa namba ya safari.

Dawa ziandikwe kwa jina lililo kwenye pakiti, herufi kwa herufi, na namba ya miligramu. "Kile kidogo cheupe" kimewaponza wengi, kwa kuwa vidogo vyeupe ni vingi na kazi zake ni tofauti. Kisha idadi iliyobaki na tarehe vitakayokwisha, ili anayetuma nauli ya kliniki atume wiki moja kabla. Kosa linalorudiwa vijijini kwetu ni kuacha vidonge kichwa kikiacha kuuma. Presha haina desturi ya kuuma. Kosa la pili ni kugawana na jirani aliyeishiwa. Ni wema, lakini unawaacha wawili bila dozi.

Magoti na kiuno vielezwe kwa kile unachoshindwa kufanya. "Magoti yananisumbua" imeandikwa mara elfu. "Siwezi kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta" inaleta kiti cha chooni. "Sinyanyui dumu lililojaa, nabeba nusu" inaleta ndoo za lita 10 au toroli. Macho vilevile: eleza kama unaona ukungu, au kama kope zimegeukia ndani zinakwaruza. Hili la kope ni vikope, ugonjwa uliowatesa sana wanawake wa mkoa huu kwa sababu ndio wanaoshinda na watoto wadogo. Kuzing'oa kwa kibanio hakutibu, zinaota tena. Kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, na hilo mtoto anaweza kulipangia safari akiambiwa mapema.

Kama macho hayasomi tena, barua itaandikwa na mjukuu au mtoto wa jirani anayesoma. Hapo pana hatari zake. Mtoto hufupisha. Unasema "madebe 11 na sado 2," yeye anaandika "chakula kidogo." Hapendi kurudia, na anaona haya kuandika mambo ya chooni. Kwa hiyo mwambie namba kwanza aziandike pembeni kwa tarakimu, ndipo aziunganishe kwenye maneno. Akimaliza, asome yote kwa sauti, na wewe uhesabu kwa vidole: nafaka, maji, paa, kuku, afya, fedha. Asichosoma hakimo. Mambo ya siri ya mwili yasipitie kwa mtoto. Yatafutiwe mama mtu mzima anayejua kuandika. Siku hizi ukurasa hupigwa picha kwa simu na kutumwa dakika hiyohiyo, ni jambo jema, ila piga nje kwenye mwanga wa asubuhi, karatasi ikiwa imelala, na uweke namba ya ukurasa juu. Karatasi yenyewe usiitupe. Hifadhi kwenye kopo la bati, panya asifike, kwa sababu barua ya Juni ndiyo kipimo cha barua ya Oktoba.

Fedha zilizotumwa ziandikwe zilivyopokelewa na zilikokwenda, hata kama ni kidogo. Si kwamba mtoto anamkagua mama. Akijua hela ya Julai ilinunua madebe mangapi, ataipanga ya mwakani. Na kifurushi kikienda kwa basi, orodha ya vilivyomo iwe ndani ya barua na nakala ibaki nyumbani: ubuyu sado 1, mlenda kopo 1, karanga sado 2, jogoo 1. Mpokeaji ahakikishe pale pale stendi.

Barua ya Oktoba, ikiwa imeandikwa hivyo, haizidi ukurasa mmoja:

"Dodoma, 12 Oktoba.

Mwanangu mpendwa, mbukwenyi wewe, mumeo na wajukuu zangu. Nimefurahi kusikia mdogo amepona. Sisi tupo 4 kama ulivyotuacha.

Juni tulivuna mtama madebe 28. Leo nimepima, yamebaki 16. Yatatufikisha wiki ya tatu ya Machi. Mavuno huanza Mei, basi pungufu ni madebe 6. Bei imeanza kupanda, ukiweza tununue mwezi huu. Wadudu hakuna, mifuko imefungwa.

Maji tunachota madumu 6 kwa siku, anabeba mjukuu kabla ya shule na mimi nabeba nusu dumu jioni. Tanki ni tupu tangu Julai. Mfereji wa paa umeshaoshwa.

Chumba cha nyuma mabati 2 yametoboka, geji 30, mita 3. Fundi anasema misumari nusu kilo itatosha. Mvua haijaja.

Kuku 14. Walichanjwa Agosti, zamu nyingine ni Novemba.

Presha yangu ilipimwa tarehe 6, ni 148 kwa 88. Muuguzi amesema niendelee na dawa ileile. Vidonge vimebaki 24, vitakwisha tarehe 5 Novemba. Magoti: siwezi kuchuchumaa bila kushika ukuta, naomba kile kiti ulichosema.

Hela uliyotuma Septemba nimeipata yote. Nimenunua mafuta, sabuni na daftari 6, iliyobaki nimelipa kusaga.

Nakutumia mlenda kopo 1 na uwele sado 2. Usiusage wote.

Ni mimi mama yako."